Wimbi ni chakula bora, lakini uji wa mtoto si pipa la kila nafaka

Ukipita asubuhi katika kituo chochote cha matatu mjini Nairobi, Nakuru au Kisumu, hutakosa kumwona mchuuzi wa uji. Ana chupa zake kubwa za kuhifadhi joto, vikombe vya plastiki na foleni ya wateja wanaokwenda kazini. Uji wenyewe ni wa rangi ya kahawia. Ni wa wimbi, au wimbi na mtama.

Kwa miaka mingi wakazi wengi wa mijini walikidharau chakula hiki. Wimbi lilikuwa la wazee wa mashambani, na mtama ulikuwa chakula cha miaka ya njaa. Siku hizi mambo yamegeuka. Unga wa wimbi umepandishwa hadi kwenye rafu za mbele madukani, na hoteli ambazo zamani ziliuza ugali mweupe peke yake sasa zinakuuliza kama unataka wa kahawia. Hata Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka wa 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya wimbi na mawele, baada ya India kutoa pendekezo hilo.

Nikiwa daktari ninayewahudumia watu wa kila namna, kuanzia watoto wachanga hadi wazee, nafurahia mabadiliko haya. Hata hivyo kuna jambo linalonitia wasiwasi. Pamoja na sifa nzuri za nafaka hizi zimeingia imani zisizo na msingi, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Kuna mtoto anayenyweshwa uji wa vitu kumi kila siku na bado hanenepi. Kuna mwingine ambaye damu yake imepungua kabisa, ilhali mamake anaamini kwamba uji wa wimbi unatosha kuirudisha. Leo, msomaji, nataka tuzitazame nafaka hizi kwa makini: zina nini, hazina nini, na tuzipike vipi ili zitufae.

Nafaka tatu na majina yake

Tuanze kwa kuzitofautisha, maana watu wengi mijini huzichanganya.

Wimbi ni ile nafaka ndogo sana ya rangi nyekundu au kahawia. Wajaluo huliita kal, Wakikuyu huliita ugimbi, Wakisii huliita obori, na ndugu zetu wa Tanzania huliita ulezi. Hustawi sana katika sehemu za magharibi ya nchi, kama vile Busia, Kisii na Bomet.

Mtama una punje kubwa zaidi, za mviringo, na huwa mweupe, mwekundu au wa kahawia. Wajaluo huuita bel na Wakamba huuita muvya. Huvumilia ukame kuliko mahindi, na ndiyo sababu unalimwa Kitui, Makueni, Tharaka-Nithi na kandokando ya Ziwa Victoria.

Mawele ni punje za rangi ya kijivu zinazoota kwenye suke refu kama mkia. Wakamba huyaita mwee na Wakikuyu huyaita mwere. Hustahimili jua kali kuliko zote.

Nafaka zote tatu ni za Afrika. Wimbi lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, mtama katika sehemu za Sudan, na mawele kando ya jangwa la Sahara. Mahindi, ambayo leo tunayaona kama chakula cha mababu, yalitoka bara la Amerika na kuletwa pwani yetu wakati wa Wareno. Huku bara yalienea hasa mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ya ukoloni, wakati vibarua wa mashamba makubwa walipokuwa wakigawiwa unga wa mahindi kama posho. Hadi leo mashine ya kusaga unga tunaiita mashine ya posho.

Mahindi hayakuchukua nafasi hiyo bure. Shamba moja hutoa mavuno mengi, maganda huzuia ndege wasiyale, na kusaga ni rahisi. Wimbi huhitaji palizi ya mkono na uvumilivu mwingi. Mtama na mawele huhitaji mtu wa kufukuza ndege, na watoto waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikwenda shule. Kwa hivyo tusiwalaumu wazazi wetu.

Kilichomo ndani ya punje

Shuleni tulifundishwa kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kukinga maradhi. Nafaka zote, za kigeni na za asili, kazi yake ya kwanza ni kutia nguvu. Sehemu kubwa ya punje ni wanga. Tofauti iko katika kile kinachoandamana na wanga huo.

Wimbi lina sifa moja ambayo hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayoikaribia. Gramu 100 za wimbi zina kiasi cha miligramu 340 za madini ya kalsiamu, yale yanayojenga mifupa na meno. Mahindi ya kiasi hicho hayafikishi hata miligramu 20. Kikombe cha uji kilichopikwa kwa gramu 30 za unga wa wimbi kina karibu miligramu 100 za kalsiamu. Ni kweli kwamba mwili haufaulu kuifyonza yote, lakini kwa familia isiyomudu maziwa kila siku, huo si msaada mdogo.

Kwa upande wa protini, mambo si kama watu wanavyodhani. Wimbi lina kiasi cha gramu 7 tu katika kila gramu 100, chini ya mahindi yenye karibu 9. Mtama una gramu 10 au 11, na mawele hukaribia 11. Isitoshe, protini ya nafaka zote hizi ina kasoro moja: imepungukiwa na kijenzi kiitwacho laisini, ambacho mtoto hawezi kukua vizuri bila hicho. Maharagwe, kunde, ndengu, maziwa, mayai, samaki na nyama vina laisini kwa wingi. Ndiyo maana mlo wa mtama na kunde, ambao umeliwa Ukambani tangu zamani, ni mlo wa busara.

Jambo la tatu ni nyuzinyuzi. Nafaka hizi aghalabu husagwa pamoja na ganda lake la nje, kwa hivyo nyuzinyuzi hubaki. Zinasaidia choo kuwa laini, hushibisha, na hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Ukilinganisha na unga mweupe wa mahindi uliokobolewa, tofauti ni kubwa.

Vilevile nafaka hizi hazina gluteni, ile protini ya ngano ambayo watu wachache huwadhuru matumbo. Mwenye ugonjwa huo anaweza kula wimbi, mtama na mawele bila hofu, mradi havikusagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe vitamini na madini, yakiwemo chuma, zinki na asidi ya foliki. Unga wa wimbi au mtama unaojisagia mwenyewe hauna nyongeza hiyo. Asidi ya foliki ndiyo inayosaidia kumkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya kasoro za uti wa mgongo. Mwanamke anayepanga kupata mimba, na hasa aliyeacha unga wa pakiti, aulize kliniki kuhusu vidonge vyake mapema, na ale mboga za kijani na maharagwe kwa wingi.

Je, wimbi huongeza damu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Mama huketi mbele yangu na mtoto wa miezi kumi mapajani. Mtoto amelegea, viganja vyake ni vyeupe, na ndani ya kope hakuna wekundu. Namwuliza anamlisha nini. Jibu huja kwa fahari: "Daktari, huyu anakunywa uji wa wimbi asubuhi, mchana na jioni."

Tupige hesabu pamoja, msomaji. Gramu 100 za wimbi zina kiasi cha miligramu 4 za madini ya chuma. Kikombe cha uji chenye gramu 30 za unga basi kina miligramu moja na kidogo. Mtoto wa kati ya miezi 7 na 12 anahitaji kiasi cha miligramu 11 kwa siku. Hata akinywa vikombe vitatu, hajafika nusu.

Tena si chuma chote kilicho ndani ya uji kinachoingia mwilini. Ganda la nafaka lina kitu kiitwacho faiteti ambacho huyashika madini na kuyapitisha hadi chooni. Mtama wa kahawia na wimbi jekundu pia huwa na tanini, ile ile inayoyapa majani ya chai ukali wake, nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Kati ya chuma kidogo kilichomo, mwili hupata sehemu ndogo tu.

Rangi nyekundu ya uji isikudanganye. Rangi hiyo imetoka kwenye ganda la punje, si kwenye chuma. Biringani na zabibu pia zina rangi nzito, na hakuna anayezitegemea kuongeza damu.

Je, tuliache wimbi? La hasha. Tulisaidie. Chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kimo katika maini, nyama nyekundu, kuku na samaki, wakiwemo omena. Kijiko kimoja au viwili vya maini yaliyopikwa na kupondwa, mara chache kwa wiki, vitamfaa mtoto kuliko lita nzima ya uji. Pia vitamini C husaidia mwili kukifyonza chuma cha nafaka. Mpe mtoto kipande cha chungwa, papai au embe wakati ule ule anapokunywa uji. Na wewe mzazi, usinywe wala usimpe mtoto chai pamoja na chakula. Chai huzuia chuma. Iache hadi saa moja au mbili zipite.

Zaidi ya yote, ukumbuke kwamba upungufu wa damu si ugonjwa wa njaa peke yake. Malaria, minyoo, na ugonjwa wa selimundu ambao mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili, vyote humaliza damu. Hakuna uji unaotibu malaria wala selimundu. Mtoto huyo anahitaji kupimwa.

Unga wa vitu kumi

Sasa nageukia desturi iliyoenea sana mijini. Mama anapokaribia kumwanzishia mtoto chakula, huenda sokoni, tuseme Nyamakima au Kibuye, na kununua kila anachoambiwa: wimbi, mtama, mawele, mahindi, mchele, ngano, soya, njugu, maharagwe, omena na muhogo. Vyote hupelekwa kwa mashine ya posho na kusagwa pamoja. Hoja yake ni kwamba vikiwa vingi, nguvu nazo zitakuwa nyingi.

Nia ni njema, lakini njia si sawa. Nitakueleza sababu.

Kwanza, vitu hivi haviivi kwa wakati mmoja. Unga wa wimbi huiva kwa dakika chache. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na kitu hicho huharibiwa tu kwa moto wa kutosha. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kulowekwa na kuchemshwa sana. Maharagwe mabichi yaliyosagwa na kupikwa ndani ya uji kwa dakika kumi za moto mdogo yanaweza kumletea mtoto kutapika na kuharisha. Mama hudhani ni meno yanaota.

Pili, omena na njugu zina mafuta. Vikisagwa na kuchanganywa na unga, mafuta hayo huchacha kwa muda mfupi na unga wote kuwa na harufu mbaya. Omena wasiokaushwa vizuri huweza pia kuleta viini vya magonjwa. Mtoto hukataa uji, na mama husema mtoto ni mchaguzi.

Tatu, nafaka tano si bora kuliko mbili. Nafaka ni nafaka. Kuongeza mchele juu ya mahindi juu ya ngano ni kuongeza wanga juu ya wanga. Muhogo ndio kabisa, kwa kuwa protini yake ni haba sana.

Nne, mtoto akipata vipele au akiharisha baada ya kunywa uji wa vitu kumi, ni vigumu kujua ni kipi kimemdhuru. Njugu, soya, ngano na samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana kwa kuleta mzio. Kila chakula kipya kinapaswa kuanzishwa peke yake, na mtoto atazamwe kwa siku mbili tatu.

Ushauri wangu ni huu. Unga wa uji uwe wa nafaka moja, au mbili zikizidi. Wimbi peke yake linatosha. Wimbi na mtama mweupe ni sawa. Vyakula vya kujenga mwili vitiwe kwenye sufuria au kwenye kikombe siku ile ile: maziwa, yai lililopigwa na kuchemka vizuri ndani ya uji, au kijiko cha njugu zilizokaangwa na kusagwa laini kama siagi. Maharagwe na omena vipikwe kando, viponde, na mtoto avile mchana pamoja na viazi au ugali laini na mboga.

Sumu isiyoonekana

Kuna sababu ya tano ambayo nimeitenga kwa makusudi, kwa kuwa ni ya kifo na uhai. Nafaka na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi.

Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na majirani zake, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki. Ini liliharibika kwa siku chache. Hao ni walioila kwa wingi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Mahindi na njugu ndivyo vinavyoathirika zaidi. Wimbi na mawele huathirika kwa kiasi kidogo, lakini hayajaepuka kabisa, na mtama pia huweza kuota ukungu. Viwango vyetu vinasema unga usizidi sehemu 10 za aflatoksini katika kila sehemu bilioni moja. Mwenye mashine ya posho hana kipimo hicho. Kwa hivyo unapochanganya vitu kumi kutoka kwa wauzaji kumi, gunia moja baya huharibu unga wote, na huwezi tena kukichagua kilicho kibovu. Punje zikiwa nzima utaziona zilizobadilika rangi na kuzitupa. Zikishasagwa, umechelewa.

Tumbo la mtoto ni dogo

Miezi sita ya kwanza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake. Asipewe uji, maji wala juisi. Akitimiza miezi sita aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kati ya miezi 6 na 8 apewe chakula mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 apewe mara tatu au nne.

Tumbo la mtoto wa miezi minane hubeba kiasi cha kikombe kimoja tu. Ukilijaza uji mwepesi wenye maji mengi, atashiba, atalala, na hatapata nguvu. Nimewaona watoto wengi wa namna hii. Wananyweshwa uji kwa chupa yenye chuchu, na ili upite kwenye tundu, mama huutia maji hadi unakuwa kama chai ya maziwa. Uji wa mtoto ulishwe kwa kijiko na kikombe. Ukiinua kijiko, uji unapaswa kushikamana nacho, usimwagike kama maji.

Maarifa ya nyanya zetu

Uji ukiwa mzito sana, mtoto mdogo hushindwa kuumeza. Nyanya zetu walilitatua tatizo hili kitambo, na sayansi imewaunga mkono.

Njia ya kwanza ni kimea. Osha wimbi, liloweke usiku mmoja, mwaga maji, kisha lifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi lichipue. Lianike juani likauke kabisa, usugue ili vichipukizi vianguke, upepete, kisha usage. Pika uji mzito, uepue upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Utashangaa kuona uji unalainika wenyewe bila kuongezwa maji. Kimea huuvunja wanga. Urudishe jikoni uchemke tena, na sasa mtoto ataweza kunywa uji wenye unga mwingi zaidi. Kuchipua pia hupunguza faiteti, kwa hivyo chuma na kalsiamu hufyonzwa vyema. Ukiona ukungu wakati wa kuchipua, tupa lote. Na kwa nyumbani utumie wimbi, si mtama, kwa maana vichipukizi vya mtama vina kemikali inayotoa sumu ya sayanidi.

Njia ya pili ni kuchachusha. Koroga unga wa wimbi au mtama na maji yaliyochemshwa yakapoa, ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Uache mahali penye joto kwa siku moja au mbili hadi upate ukali wa kupendeza. Ukitia kijiko cha uji uliochacha wa awali, kazi huwa ya haraka. Kisha upike kama kawaida. Ukali huo unatokana na asidi inayozuia viini vingi vya kuharisha kuongezeka, na uchachu hupunguza faiteti na tanini. Uji wa mtoto lazima uchemshwe baada ya kuchachushwa. Ukiwa na harufu mbovu au utando wa rangi juu, usimpe mtu yeyote.

Kwa mwenye kisukari

Wagonjwa wangu wa kisukari wengi wameambiwa mitaani kwamba ugali wa wimbi "hauna sukari", wale watakavyo. Hilo si kweli. Wimbi, mtama na mawele vyote vina wanga, na wanga hugeuka kuwa sukari katika damu. Faida yake ni kwamba ugali wa unga usiokobolewa hupandisha sukari polepole kuliko ule mweupe, na hushibisha haraka.

Uji ni jambo jingine. Unga uliosagwa laini na kupikwa katika maji mengi humezwa kwa dakika tano na sukari hupanda upesi, hasa ukitiwa vijiko vitatu vya sukari. Mwenye kisukari apendelee ugali wa kahawia usiozidi ukubwa wa ngumi yake, robo ya sahani tu. Nusu ya sahani iwe mboga kama managu, kunde, terere au sukuma wiki, na robo iliyobaki iwe maharagwe, samaki au nyama isiyo na mafuta. Asiache dawa zake kwa sababu amebadilisha unga. Apime sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, na kipimo kitamweleza ukweli kuliko jirani.

Sokoni na nyumbani

Wimbi aghalabu hushinda mahindi kwa bei. Kwa hivyo linunue kwa akili. Tia mkono ndani ya gunia. Nafaka iwe kavu, baridi na isiyoshikamana. Ikinuka uvundo, ondoka. Uma punje moja: ikivunjika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, ina unyevu.

Wimbi huwa na mchanga mwingi. Lipepete, kisha lioshe katika sufuria kwa kulizungusha na kuliteka juu juu ili mchanga ubaki chini. Lianike juu ya turubai safi hadi likauke kabisa kabla ya kusaga. Umwombe mwenye mashine asage yako baada ya wimbi la mwingine, si baada ya mahindi usiyoyajua.

Usisage gunia zima. Saga gorogoro moja, itumike kwa wiki chache, nyingine ibaki punje. Unga wa mawele hupata uchungu haraka kuliko yote kwa sababu ya mafuta yake, kwa hivyo saga kidogo zaidi. Weka katika chombo kikavu chenye kifuniko, juu ya meza, si sakafuni.

Wakati wa kuja hospitalini

Nafaka za asili ni hazina, na ningependa kila nyumba mjini iwe na angalau siku mbili au tatu kwa wiki za ugali wa kahawia au uji wa wimbi. Lakini chakula kina mpaka wake. Mlete mtoto hospitalini bila kungoja ukiona viganja na kope vimekuwa vyeupe, anahema kwa shida au anachoka akinyonya. Miguu imevimba na nywele zimegeuka rangi na kuwa laini. Uzito haujaongezeka kwa miezi miwili mfululizo katika kitabu cha kliniki. Au anaharisha na kukataa kunywa chochote.

Ukija, uje na kitabu hicho, na utuambie kwa ukweli unachotia ndani ya sufuria. Ukiwa na unga wa vitu kumi nyumbani, uje na kijiko chake kwenye karatasi tuutazame pamoja. Kisha jioni hiyo uanze upya kwa njia rahisi: unga wa wimbi, maziwa, kijiko, na kipande cha papai kando.